Nionyesheni mechi ya wengine

Mechi iliyonifanya niiheshimu CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, haikuwa ya Taifa Stars. Ilikuwa ya Sudan na Nigeria, Zanzibar, tarehe 12 Agosti 2025. Nchi iliyo vitani tangu Aprili 2023, ambayo klabu zake mbili kubwa, Al Hilal na Al Merrikh, zilikuwa zimekwenda kuhemea mechi kwenye ligi ya Mauritania, iliichapa Nigeria mabao manne bila majibu. Kwenye kibanda changu cha kuonyesha mpira hakukuwa na Msudani wala Mnigeria. Kulikuwa na wakulima wa tumbaku, vijana wa bodaboda na wachimbaji wachache waliokuwa njiani kwenda Kakola, na hakuna aliyenyanyuka mpaka filimbi ya mwisho.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha mashindano yoyote ya kimataifa. Mechi ya nyumbani haipimi kitu. Taifa Stars wakicheza na timu yoyote, hata iwe mbovu kiasi gani, watu watajaa, watapiga kelele na watarudi makwao wakisema mpira ulikuwa mtamu, alimradi tumeshinda. Ukitaka kujua kama mashindano yana ubora, mwondoe mwenyeji, wasahaulishe watu Simba na Yanga kwa saa mbili, halafu angalia nani bado ameketi.

Nayasema haya kwa sababu tangu AFCON ya Morocco imalizike Januari 2026, ubishi hapa Nyamilangano, Ushetu, haujaisha. Redioni nako ni hivyo hivyo. CHAN ya Agosti, wanasema, ilikuwa ya kujifariji. Mashindano yenyewe ni AFCON. Hoja hiyo naisikia kila jioni wateja wakisubiri mechi ianze. Nusu yake naikubali. Nusu iliyobaki naikataa.

Kwa wasiotujua, Ushetu ni halmashauri iliyo ndani ya wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, upande wa kuelekea Tabora. Kwetu ni tumbaku, mahindi, mpunga na pamba, na kijana asiyependa jembe hukimbilia maduara ya dhahabu huko Msalala na Geita. Kibanda umiza changu ni cha mabati. Kina benchi za mbao, runinga moja kubwa, dishi, spika mbili na jenereta la akiba kwa siku ambazo umeme unatuaga. Kiingilio ni shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Mbele wanakaa wenye timu. Hao wana jezi na wana matusi. Katikati wanakaa wenye mikeka. Hawa hawatazami mpira, wanatazama matokeo, na mkeka ukichanika dakika ya 20 wanatoka nje kuvuta sigara na kumlaani kipa wa nchi wasiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Nyuma kabisa wanakaa watu wasio na lao: mzee anayesubiri simu yake ijae chaji, dereva wa fuso aliyeharibikiwa, mchimbaji anayesubiri usafiri wa alfajiri. Mimi nakaa mlangoni na kopo la hela, kwa hiyo kila anayetoka namwona. Benchi la nyuma ndilo mtahini wangu.

Wachambuzi wana vipimo vyao: umiliki wa mpira, idadi ya pasi, mashuti yaliyolenga lango. Sivipingi. Ila naona vinapima timu. Timu nzuri zinaweza kukutana kwenye mashindano mabaya, na hilo tumeliona mara nyingi tu.

CHAN ilianza tarehe 2 Agosti, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Stars wakaifunga Burkina Faso 2-0. Sopu alifunga kwa penalti kabla ya mapumziko, Mohamed Hussein, huyu tunayemwita Tshabalala, akaongeza la pili. Usiku ule hakukuwa na cha kupima. Watu walisimama mpaka madirishani na mama anayepika jirani yangu aliishiwa chapati mapema. Halafu ikumbukwe kwamba Agosti kwetu ni msimu wa masoko ya tumbaku. Marobota yamekwisha kupimwa, malipo yanaingia, mtu ana hela mfukoni na shamba halimwiti. Msomaji wa Dar es Salaam asidanganyike: kibanda kikijaa Ushetu mwezi Agosti, si lazima kiwe kimejazwa na mpira. Ndiyo maana naangalia siku ambazo Stars hawachezi.

Na siku hizo CHAN iliwakalisha watu. Nilijiuliza sababu, maana timu zenyewe hazikuwa na jina hata moja linaloandikwa mgongoni kwa jezi za mnadani. Jibu nililipata kwenye ratiba, kwa kalamu na nyuma ya daftari la mauzo.

CHAN ile ilikuwa na timu 19: makundi matatu ya timu tano na moja la timu nne. Piga hesabu, zinatoka mechi 36 za makundi. AFCON ya Morocco ilikuwa na timu 24, makundi sita ya timu nne nne. Nazo ni mechi 36. Idadi ni ile ile, lakini kazi iliyofanyika ni tofauti kabisa. Mechi 36 za CHAN zilizitoa timu 11, kwa sababu walipita wawili tu wa juu kila kundi. Mechi 36 za AFCON zilizitoa timu nane, kwa sababu mbali na wawili wa juu, wanne wanaoshika nafasi ya tatu nao wanabebwa. Kwa maneno ya kibandani: CHAN unacheza ukiwa na kisu shingoni, AFCON unacheza ukijua hata ukiteleza kuna mtu wa kukuinua.

Tarehe 18 Agosti, Kampala, tuliona maana yake. Afrika Kusini walikuwa wakiongoza Uganda 3-1 na dakika 90 zinakaribia kuisha. Uganda wakapata penalti, Allan Okello akafunga. Ndani ya dakika za majeruhi wakapata nyingine, Rogers Torach akafunga. Tatu kwa tatu. Kwa sare hiyo Uganda wakaongoza kundi, Algeria wakafuata, na Afrika Kusini, ambao dakika kumi nyuma walikuwa na mguu mmoja robo fainali, wakafunga mabegi. Benchi la nyuma siku hiyo alikuwapo kijana wa duarani aliyekuwa amelala chali tangu kipindi cha kwanza. Kelele za penalti ya kwanza zikamwamsha. Akauliza nani kafunga, akaambiwa Uganda. Akauliza Uganda wanacheza na nani. Penalti ya pili ilipopigwa alikuwa amesimama juu ya benchi langu na viatu vyake vya udongo, anawashangilia watu ambao dakika tano kabla hakujua kama wako uwanjani. Nilimfokea, kwa sababu benchi ni mali. Lakini moyoni nilimwandikia CHAN alama.

Kwa utaratibu wa AFCON, Afrika Kusini wangepita kama mmoja wa watatu bora, na zile penalti mbili zingekuwa za kupanga tu nani akutane na nani. Hakuna ambaye angeamka.

Sasa tuje Morocco. Desemba 2025 Stars walifungwa na Nigeria 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda, wakatoka sare nyingine ya 1-1 na Tunisia. Pointi mbili. Tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nilishangilia, tena mpaka sauti ikakauka, na atakayesema nisingeshangilia hajawahi kuwa Mtanzania. Lakini hesabu ni hesabu. Tumeshiriki AFCON za 1980, 2019, 2023 na 2025, jumla mechi 13, na hatujashinda hata moja. Zaidi ya hapo, ile sare yetu na Uganda ilikuwa iishe vibaya: Okello yule yule wa Kampala alipewa penalti mwishoni, safari hii akaipaisha. Mashindano yanayompandisha daraja mtu asiyeshinda yana huruma nyingi. Huruma ni nzuri msibani. Kwenye mpira inawafanya makocha wapange vikosi vya kutafuta sare, na sare mbili za kupanga zinatosha kumfukuza mzee wa kuchaji simu.

Na ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Kombe la Dunia la 2026 limepanuliwa mpaka timu 48, na wa tatu bora wanane wanapita. Sababu inajulikana: mechi nyingi, matangazo mengi, kura nyingi za marais wa vyama. Kwa mwenye kibanda mechi nyingi ni riziki, sitajifanya mtakatifu. Ila riziki ya mechi ambayo hakuna anayeijali ni riziki ya shilingi 500 za watu watatu, na mafuta ya jenereta hayapungui bei.

Kuna jambo lingine AFCON haiulizi na CHAN inauliza. Huku kwetu mashindano ya vijiji huchezewa ng'ombe dume, na ugomvi mkubwa kila mwaka ni mamluki. Timu ya kijiji inafika na mshambuliaji hakuna anayemfahamu, amevaa soksi mpya, ukichunguza ametolewa Kahama mjini asubuhi hiyo kwa bodaboda. Mechi inasimama saa nzima watu wakidaiana vitambulisho. CHAN, tangu ianze mwaka 2009 kule Ivory Coast, ndiyo yenye sheria dhidi ya mamluki: anacheza yule tu anayecheza ligi ya nchi yake. Hayupo wa kutoka England, hayupo wa kutoka Iraq. Kwa hiyo swali lake ni moja: ligi yenu inazaa nini?

Jibu letu Agosti lilikuwa na pande mbili, na ndilo ambalo sikuwasikia wachambuzi wakilikalia. Ukuta ulikuwa imara. Mechi tano, mabao mawili tu tuliyofungwa. Mbele ndiko kwenye maswali. Mechi tano, mabao matano: penalti ya Sopu, bao la Tshabalala, bao la Shomari Kapombe dakika za mwisho dhidi ya Mauritania, na mawili ya Clement Mzize dhidi ya Madagascar. Tshabalala ni beki wa kushoto. Kapombe ni beki wa kulia. Mabeki wa pembeni, waliocheza pamoja Simba miaka mingi, ndio waliotubeba mechi mbili za kwanza. Tulipokutana na Jamhuri ya Afrika ya Kati ikawa 0-0, tulipokutana na Morocco robo fainali tukafungwa 1-0, na washambuliaji wetu hawakufunga tena.

Rudi kwenye ligi yenyewe. Mfungaji bora wa msimu wa 2024/25 alikuwa Jean Charles Ahoua wa Simba, Mwivory Coast, mabao 16. Sina ubaya na wageni, wametupa raha nyingi na wameujaza uwanja. Ila tunapojisifu kwamba ligi yetu imekuwa kubwa Afrika, CHAN ilitusaidia kuona sehemu gani ya ukubwa huo ni yetu na sehemu gani tumeazima. AFCON haiwezi kukuonyesha hilo. Kwenye mabao yetu matatu ya Morocco, moja lilifungwa na Charles M'Mombwa aliyekulia Australia, jingine ni penalti ya Simon Msuva aliyekuwa akicheza Iraq, na la Fei Toto wa Azam tu ndilo lililotoka kwenye ligi ya nyumbani.

Niongeze la kwetu hapa, maana linauma. Msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa Ligi Kuu alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Alikuwa anafunga Nyankumbu, Geita, mwendo ambao kijana wa Ushetu anaumudu kwa nauli ya kuuza kuku wawili. Geita Gold walimaliza nafasi ya nne, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa hatua za mwanzo na Hilal Alsahil, timu ya Sudan hiyo hiyo. Mpole akanunuliwa na Lupopo ya Lubumbashi. Mwaka 2024 Geita Gold wakashuka daraja. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, walikuwa wameshashuka 2021. Stand United, Chama la Wana, walishuka 2019. Msimu wa 2025/26, kutoka Shinyanga mpaka Geita, ukanda unaochimba dhahabu na almasi, hakukuwa na timu hata moja ya Ligi Kuu. Ukitaka kuiona kwa macho ilibidi uende Tabora au Mwanza. Halafu mtu anauliza kwa nini vijana wangu wa mbele wanaijua safu ya ulinzi ya Arsenal kuliko benchi la ufundi la timu ya mkoa wao.

Turudi kwenye CHAN, kwa sababu ilikuwa na kasoro na sitaki zifichwe nyuma ya mechi tamu kama ile ya Sudan na Nigeria.

Ilipangwa Februari 2025, ikaahirishwa katikati ya Januari, siku moja kabla ya droo kufanyika Nairobi, kwa sababu viwanja na huduma nyingine havikuwa tayari. Wenyeji watatu, Tanzania, Kenya na Uganda, miaka ya kujiandaa, na bado. Ilipochezwa Agosti ikaendelea kuitwa CHAN 2024, na nilichoka kuwaeleza wateja kwamba si marudio. Agosti yenyewe ni mwezi ambao ligi nyingi ndiyo kwanza zinaanza mazoezi ya msimu, na ilionekana: baada ya dakika ya 70 mechi nyingi zilikuwa za watu wanaoshika viuno. Kasi ya kipindi cha pili ilikuwa ndogo, pasi za mwisho zilikuwa mbovu, na mabao mengi yalitokana na mabeki kulala kuliko washambuliaji kuamka. Mwenye kusema kiwango kilikuwa chini ya AFCON anasema kweli, sina la kumjibu.

Kule Kasarani, Kenya walipoifunga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, kulikuwa na raha isiyo kifani, lakini kulikuwa pia na watu waliovunja mageti na kuingia bila tiketi, mpaka CAF ikapunguza idadi ya mashabiki kwa mechi zilizofuata. Na Dar es Salaam tulikuwa na aibu ya aina nyingine. Mechi za Stars uwanja ulijaa. Mechi za wengine kamera ilikuwa ikikwepa majukwaa. Nusu fainali ya Madagascar na Sudan ilichezwa pale Mkapa tarehe 26 Agosti. Timu moja ilitoka kisiwani na ilikuwa haijawahi kufika fainali ya mashindano haya, nyingine ilitoka vitani, zikaenda mpaka dakika 120, na Madagascar wakiwa kumi uwanjani wakafunga bao la ushindi zikiwa zimebaki dakika chache. Mechi kama hiyo ilistahili umati. Ilionwa vizuri zaidi na mzee mmoja wa Nyamilangano ambaye simu yake ilijaa chaji tangu kipindi cha kwanza na hakuidai.

Madagascar hao hao ndio tuliowafunga 2-1 kwenye makundi. Wakaenda fainali, Kasarani, tarehe 30 Agosti, na ikatoka fainali ambayo sijaona ya AFCON iliyoifikia kwa mabao kwa miaka mingi. Madagascar walianza kufunga, Morocco wakarudisha na kuongoza, Madagascar wakasawazisha, kisha Oussama Lamlioui akamwona kipa ametoka golini na kuupiga mpira kutoka mbali. Tatu kwa mbili. Shabiki wa Simba aliyekaa mbele alishika kichwa, akasema, «Mayu, huyu mtu ana deni na sisi.» Hakukosea. Lamlioui ni wa RS Berkane. Mei alikuwa ameifunga Simba kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho, na Agosti 22 ndiye aliyeitoa Stars robo fainali.

Kuna jambo hapo la kuwasumbua wanaodhani AFCON na CHAN ni dunia mbili. Agosti, Morocco ya wachezaji wa ndani ilitutoa kwa bao moja la kipindi cha pili. Januari 4, kwenye 16 bora, Morocco yenye watu wa Real Madrid na PSG ilitutoa kwa bao moja la kipindi cha pili, la Brahim Díaz. Sisemi timu hizo zinalingana. Nasema umbali kati yetu na Morocco ni ule ule ukiupima kwa vijana wa ligi au kwa mastaa, na hiyo inatuambia shida iko wapi: wao walijenga ligi na viwanja kwanza, mastaa wakafuata.

Viwanja ndipo ninapovua kofia kwa AFCON. Mvua ilinyesha Rabat, ikanyesha Fes, na mpira ukaendelea kutembea kwenye majani kana kwamba hakuna kitu. Mimi huku mvua ile ile ya Desemba ilikuwa inagandisha picha kwenye king'amuzi, na nusu ya wateja wangu walikuwa shambani wakihamisha miche ya tumbaku kutoka vitaluni. Sisi Mei 2025 tulinyang'anywa mechi ya pili ya fainali ya Simba na Berkane pale Mkapa kwa sababu ya hali ya uwanja baada ya mvua, ikahamishiwa Amaan, Zanzibar. Uwanja wa taifa ukashindwa kuchezesha fainali ya Afrika ya klabu ya taifa hilo. Ubora wa mashindano unaanza chini ya viatu. Mtazamaji wa benchi la nyuma hajui neno la kitaalamu la mfumo wa kutolea maji, lakini mpira ukinasa kwenye tope anaondoka.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na imepangwa Juni na Julai, msimu wetu wa masoko. Timu ni 24 tena, wa tatu bora tena. Hilo hatuwezi kulibadilisha kutoka Ushetu. Yanayobadilika ni machache. Tunajenga uwanja Arusha, Dar upo, Zanzibar upo. Kanda ya Ziwa, yenye watu wote hawa, hakuna mechi. Kutoka Kahama mpaka Dar ni karibu kilomita elfu moja, kwa hiyo tutakuwa watazamaji wa runinga, na mtazamaji wa runinga anaona viti vitupu kuliko anavyoviona aliyeko uwanjani. Naiomba kamati ya maandalizi ipange mapema mechi za wageni: tiketi za bei ya chapati, mabasi ya wanafunzi, mechi kama ya Mali na Angola ipewe shule za Temeke kabla ya siku ya mechi, si jioni hiyo hiyo kwa kubembelezana. Na mashindano yakiisha, ripoti isituhesabie watalii na vyumba vya hoteli tu. Ituambie mechi ambazo Tanzania, Kenya na Uganda hawakucheza ziliingiza watu wangapi, uwanja kwa uwanja.

Upande wangu nimeshapanga bei. Stars watakuwa 1,000, wengine 500, na atakayeingia kwenye mechi mbili za wengine mfululizo ya tatu hatalipa. Shabiki wangu wa Simba anasema nitafilisika kabla ya robo fainali.